Nimeweka Pesa Kwenye Mali Kauli

Februari 2024 nilikuwa kwenye duka la jumla mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, nikimtazama mzee mmoja akitoa katoni kumi na mbili za sabuni bila kupokea hata senti. Hakuomba kitambulisho wala hakuuliza mdhamini. Aliita jina, kijana wa stoo akaanza kupanga katoni kwenye guta, mzee akachukua simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni, akabonyeza mara nne au tano, akairudisha kwenye droo. Aliyekuwa anachukua mzigo ni Mangi, mwenye duka la mtaani huko Chanika, amesimama pale pale na kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, mkononi. Simu yake ikalia mlio wa meseji. Akaisoma taratibu, midomo ikitembea, kisha akabip namba iliyokuwa mwishoni mwa ujumbe. Ikaita mara moja, ikakata. Akaaga, akaondoka na guta.

Nilikuwa afisa mikopo wa benki kwa miaka kumi na tisa. Kile nilichokiona pale kwa nusu dakika ndicho nilichokuwa nakitafuta kazini miaka yote hiyo: anayetoa na anayepokea wamekubaliana kiasi na tarehe, na kila mmoja ameondoka na ushahidi wake mfukoni. Sisi kwa kazi hiyo hiyo tulikuwa na fomu ndefu, picha mbili za pasipoti, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na bado tukifika mahali tunabishana na mteja kama alichukua milioni moja na nusu au milioni moja na laki sita.

Agosti mwaka huo niliweka shilingi milioni 20 kwenye kampuni iliyotengeneza mfumo ule wa simu wa kuandika madeni ya mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa leo na kulipwa baadaye. Jina lake silitaji, na sababu ni ya msingi: ni kampuni binafsi, na Sheria ya Makampuni ya 2002 hairuhusu kampuni binafsi kuualika umma ununue hisa zake. Sitaki maneno yangu yasomeke kama mwaliko. Ninachotaka ni kueleza bidhaa yao nimeionaje kwa macho yangu, na kwa nini naamini ina maisha marefu kama hawataiharibu wenyewe.

Wanaoishi mbali na Kariakoo huenda hawajui uzito wa mali kauli. Mwenye duka la jumla anampa mwenye duka la mtaani mzigo leo, hela atalipwa akishauza. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwezi. Dhamana ni kauli yake tu. Bei ya mali kauli mara nyingine inakuwa juu kidogo ya bei ya taslimu, na hilo wanalipanga mwanzo, lakini ikishapangwa haipandi hata mtu akichelewa. Hakuna riba. Maduka mengi unayoyaona Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta na Kivule yasingefunguka kesho asubuhi kama mali kauli ingesimama leo usiku. Na si Dar peke yake. Kariakoo inalisha wafanyabiashara wa mikoani, na wengine wanatoka Zambia, Kongo na Malawi.

Ugonjwa wake ni daftari. Mzee anaandika lake kwenye kaunta buku, Mangi anaandika lake kwenye kipande cha katoni au haandiki kabisa. Mwisho wa mwezi mmoja anasema laki nne na themanini, mwingine anasema laki nne na thelathini. Elfu hamsini si pesa ya kumfilisi mtu wa jumla. Lakini mzee aliniambia amepoteza wateja watatu wa miaka zaidi ya kumi kwa tofauti za namna hiyo, na mmoja wao hadi leo wakikutana msikitini wanasalimiana kwa kichwa tu.

Kampuni ina ofisi ya vyumba viwili ghorofani Kijitonyama, hatua chache kutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, eneo lile ambalo tangu kituo cha ubunifu cha Buni Hub kifunguliwe mwaka 2011 limejaa vijana wenye kompyuta mgongoni. Waanzilishi ni wawili, binti na kijana, waliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bidhaa yao ya kwanza haikuwa hii. Walitengeneza mfumo mkubwa wa kuendesha duka: stoo, mauzo, faida, michoro ya rangi. Walizunguka nao Kariakoo miezi saba. Wenye maduka waliwasifia, wakawanunulia soda, na hawakuutumia. Binti ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba kila duka walilokwenda, mfumo ukishafungwa kwenye simu, mtu alikuwa anafungua ukurasa mmoja tu, ule wa madeni. Wakatupa vingine vyote. Kutupa kazi ya mwaka mzima kunahitaji moyo, na ndicho kitu cha kwanza kilichonifanya niwaheshimu.

Kilichobaki ni kidogo sana. Mwenye duka anaandika namba ya simu ya mteja, kiasi na tarehe ya kulipa. Mteja anapata meseji ya Kiswahili yenye mambo hayo matatu na jina la duka. Akikubali anabip namba iliyoandikwa chini. Akiona kiasi si sahihi anabip namba ya pili, na mzigo hautoki mpaka waelewane. Ndiyo hivyo tu.

Niliuliza kwa nini kubip, kwa nini wasimwambie ajibu meseji. Yule binti akanijibu, "Mama, Mangi akiishiwa salio hawezi kutuma meseji, ila kubip anaweza karibu siku zote, kinachotakiwa ni senti chache ambazo hazikatwi." Mfumo unapokea mlio, unasoma namba iliyopiga, unakata kabla haijapokelewa. Hakuna anayelipa. Nikauliza tena: kama Mangi amechukua mzigo kwenye maduka mawili saa hiyo hiyo, mfumo unajuaje amekubali lipi? Wana laini kumi, na meseji mbili zinazofuatana kwa mtu mmoja hazitaji namba moja ya kubip. Jibu lilikuwa tayari kinywani. Nilijua hapo kwamba swali hilo lilishawahi kuwasumbua usiku.

Kuna kitu kingine kilichowabeba ambacho wao hawakukitengeneza. Laini zetu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Kabla ya hapo namba ya simu ilikuwa inatupwa kama kijiti cha kiberiti. Sasa mtu anaitunza miaka, na deni lililoandikwa kwa namba lina mwenyewe.

Nije kwenye hesabu, maana mimi hesabu ndiyo lugha yangu ya kwanza. Walikuwa na maduka 212 yanayolipa shilingi 15,000 kwa mwezi. Ni 3,180,000. Mishahara, pango, seva, laini na meseji vilikuwa vinazidi milioni tisa. Pengo hilo halikunitisha sana, kampuni changa huishi hivyo. Kilichonitisha ni meseji. Kila meseji moja ilikuwa inawagharimu kama shilingi 20. Duka la wastani lilituma mia tatu kwa mwezi, kwa hiyo katika ile 15,000 shilingi 6,000 zilikuwa zinakwenda kwa meseji tu. Duka la mzee wa Narung'ombe lilikuwa linatuma mia saba. Elfu kumi na nne. Mzee, aliyekuwa anawasifia kwa kila mtu mtaani, alikuwa anawaachia shilingi elfu moja kwa mwezi, na kila alivyozidi kuwapenda ndivyo alivyozidi kuwapa hasara.

Niliwaandikia hesabu hiyo kwa kalamu nyuma ya risiti ya chakula. Walikuwa hawajaiona. Wanajua kuandika programu kuliko watu wengi wa umri wao, lakini walikuwa wanajumlisha meseji zote pamoja na kuzigawa kwa maduka yote, na wastani ukawafichia hasara. Wakabadilisha: meseji mia tatu za mwanzo ziko ndani ya 15,000, zinazozidi zinalipiwa shilingi 25 kila moja. Binti alikwenda mwenyewe kumweleza mzee, akiwa na hofu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho akasema, "Sasa hiyo mbona hamkusema mapema? Mlitaka mfe?" Akalipa. Maduka mawili yaliondoka, mengine yote yakabaki.

Lakini siku niliyoamua moyoni ilikuwa nyingine.

Mwanzoni mfumo ulikuwa unadai wenyewe. Deni likifika tarehe, saa mbili asubuhi meseji inakwenda: deni lako limefika muda, lipa leo. Programu nyingi ningetegemea zifanye hivyo, na mimi nikiwa benki ningeipigia makofi. Asubuhi moja mzee alipiga simu ofisini. Hakugomba, na binti anasema bora angegomba. Alimwambia, "Mwanangu, huyu mtu tumemzikia mama yake jana saa kumi jioni. Mimi mwenyewe nilikuwepo kaburini. Leo asubuhi mmemdai kwa jina langu."

Binti alifunga kompyuta, akapanda bodaboda mpaka Kariakoo, akamwomba mzee waende wote msibani. Walikwenda. Alikaa mkekani na wanawake mpaka mchana. Kisha akarudi ofisini, na kwa wiki mbili zilizofuata hawakufanya kitu kingine isipokuwa hicho.

Siku hizi mfumo haudai mtu kwa hiari yake. Jioni kabla ya tarehe, mwenye duka anapata orodha ya madeni ya kesho, na mbele ya kila jina kuna maneno mawili: Kumbusha, Subiri. Akibonyeza Subiri hakuna kinachokwenda. Na meseji yenyewe imebadilika. Inaanza na habari za siku, halafu inasema "tunakumbushana kuhusu mzigo wa tarehe 4". Neno ni tunakumbushana. Walijaribu "unakumbushwa", wakaliacha. Kwenye "unakumbushwa" kuna mkubwa na mdogo. Kwenye "tunakumbushana" wote wawili wana kazi ya kukumbuka. Niliposikia vijana wa miaka ishirini na kitu wamekaa saa mbili wakibishana kuhusu kiambishi kimoja, nilijua hawa wameielewa biashara wanayoihudumia kuliko nilivyoielewa mimi kwa miaka kumi na tisa. Waswahili wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawa wamejitahidi kuyapunguza matanga.

Kuna kitufe cha tatu kilichokuja baadaye, na hicho nilikuwepo kinapozaliwa. Nilikuwa dukani na binti, tukaona kaunta buku ya zamani bado iko chini ya droo. Akauliza kwa upole kama mfumo una kasoro inayomfanya mzee aendelee na daftari. Mzee akaifungua. Kurasa mbili za majina, yamepigwa mstari mmoja mwembamba, bado yanasomeka. "Hawa nimewasamehe. Kwenye simu hawakai, maana simu haijui kusamehe. Inajua amelipa au hajalipa." Binti akaandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu. Mwezi uliofuata neno Samehe lilikuwepo. Toleo la kwanza lilimtumia mdaiwa meseji kumwambia deni lake limefutwa. Mzee akakataa katakata. Aliyesamehewa atajua kwa kutodaiwa, kumtangazia ni kumdai mara ya pili. Meseji ikaondolewa.

Kabla sijatoa hela kulitokea jambo lililonipimia mfumo bila mimi kupanga. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikaanguka nchini na kwa majirani. Wengi wanakumbuka siku zile. Jumatatu asubuhi nilikwenda Kariakoo kwa makusudi, sikutoa taarifa kwa vijana. Nilikuta mzee anaandika madeni kwenye simu kama kawaida, simu inayahifadhi, alama ndogo ya njano mbele ya kila deni kuonyesha halijafika. Meseji hazikwenda na kubip hakukufanya kazi, kwa sababu seva yao ilikuwa nje ya nchi. Mzee alikuwa anampa mteja simu asome mwenyewe kwenye kioo. Intaneti ilipotulia meseji zikashuka zote kwa mkupuo, na hakuna deni lililopotea. Nililinganisha na karatasi niliyokuwa nimeandika pembeni, madeni ishirini na tisa, yote yalikuwepo.

Nusu ya mtihani walifaulu, nusu wakashindwa, na nilipenda walivyoishughulikia ile nusu ya pili. Hawakusema tatizo ni la bahari. Sehemu inayopokea bip na kutoa meseji waliihamishia kwenye kituo cha data hapa hapa Dar, ili nyaya zikikatika tena mtu wa Kariakoo na mtu wa Chanika waendelee kusikilizana bila kupitia Ulaya. Gharama ikapanda. Nilisema sawa.

Hofu kubwa ya wenye maduka haihusu intaneti hata kidogo. Inahusu kodi. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo mpaka Waziri Mkuu akaja kukutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, na Juni 2024 yakafungwa tena. Katika hali hiyo, kijana anaingia dukani kwako anasema andika biashara yako kwenye simu. Swali la kwanza, kila duka, ni hili: na hizi taarifa zinakwenda kwa nani? Nimewasikia wakijibu zaidi ya mara ishirini, na jibu haligeuki. Mfumo hauandiki mauzo, unaandika madeni kati ya watu wawili, na mwenye duka anaweza kufuta kumbukumbu zake zote akiondoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imewapa mahali pa kusimama. Ila hawadanganyi. Hawasemi kwamba sheria ikibisha hodi watafunga mlango. Kuna wenye maduka wanaosikia hivyo wakasema hapana, asante. Naona ni bora kuwakosa hao kuliko kuwapata kwa uongo.

Sasa lile lililotugawa.

Mwaka jana ilikuja kampuni moja ya mikopo. Ina leseni, ina ofisi nzuri, watu wake wanaongea vizuri. Walitaka kuona kumbukumbu za malipo za akina Mangi, nani analipa kwa wakati, nani anachelewa, ili wawakopeshe fedha kupitia simu. Walikuwa tayari kulipa shilingi milioni 60 kwa mwaka. Kwa kampuni yetu hiyo ni sawa na kupata maduka mapya 333 bila kutembea hatua moja. Sisi wenye hisa tulioweka fedha tuko wanne, tulichanga jumla milioni 130, na mmoja wetu, mtu ninayemheshimu sana, alisema tukikataa tutakuwa tumekosa akili. Alikuwa na hoja. Mangi anayelipa vizuri miaka miwili anastahili mtaji mkubwa kuliko katoni kumi na mbili za sabuni, na benki haitamwona kamwe.

Nilikataa, na naeleza kwa nini, kwa sababu bado nalipigania.

Kwanza, yule Mangi alipobip alikubali deni kati yake na mzee. Hakukubali kusomwa na mtu wa tatu. Ukitumia ruhusa ile kwa kazi nyingine umeivunja, kwa sheria na kwa uungwana.

Pili, nchi imechoka na mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha kidijitali bila kibali. Tunazijua tabia zake: kupiga simu kwa ndugu na majirani wa mdaiwa, kutuma picha yake kwenye makundi. Mtaani zimepewa jina la kausha damu. Kampuni iliyotufuata haifanyi hayo, nasisitiza. Lakini Mangi hatatofautisha. Siku meseji yenye jina la mfumo wetu ikimletea riba, hata kama ni riba halali, ile namba ya kubip ataiogopa.

La tatu alilisema mzee, nami sina cha kuongeza. Wenye maduka ya jumla wengi pale ni Waislamu, na kwao riba ni haramu. Mali kauli imeishi kwa sababu haina riba. Nilimuuliza bila kumwambia habari za ile kampuni: ingekuwaje mfumo ukaanza kutoa mikopo ya fedha? Alikuwa anahesabu noti, hakuinua uso. "Riba ikiingia humo mimi natoka. Na nikitoka mimi, wa mtaa huu wote wanatoka."

Nilipokuwa benki niliwahi kusimamia kuchukuliwa kwa friji la mama mmoja Manzese, muuza juisi, aliyekuwa amelipa miezi kumi na moja kati ya kumi na mbili. Taratibu ziliruhusu. Nilisaini. Lile friji lilibebwa likiwa bado na jagi za ukwaju ndani, na yule mama aliomba tu amwage kwanza, lisije likamwagikia mtu. Sijawahi kumsahau. Milioni 20 nilizoweka hapa ni sehemu ya mafao yangu ya kazi ile, na sitakubali zizae kitu cha namna ile.

Kura iliahirishwa. Haijapigwa mpaka leo.

Kuhusu kurudisha pesa yangu, sina haraka na ni vizuri kutokuwa nayo. Mwaka 2017 nilinunua hisa za Vodacom zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 850, na hizo nikitaka kuuza nampigia dalali wa soko la hisa. Hizi za Kijitonyama hazina dalali. Dirisha la kampuni ndogo pale DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, lipo tangu 2013, lakini kulifikia ni safari ndefu. Vijana wana mfano wanaoupenda, ule wa teknolojia ya KopaGas, ya kulipia gesi ya kupikia kidogo kidogo, iliyoanzia hapa Dar na kununuliwa na Circle Gas mwaka 2020 kwa dola milioni 25. Nawaambia wasiuweke ukutani. Sasa wana maduka 590, matumizi yamefika milioni 11 kwa mwezi kwa kuwa wameajiri wawili zaidi, na pengo limebaki kama milioni mbili. Wakifika maduka 750 na wasipoongeza gharama watasimama kwa miguu yao. Kijana anataka kwenda Mwanza. Mimi nasema bado hawajamaliza Temeke.

Wiki iliyopita niliona nimekuwa nikiitazama biashara hii kutoka upande mmoja. Mwaka na zaidi nimekaa kwenye maduka ya jumla, kwa wanaotoa. Nikapanda daladala mpaka Gongo la Mboto, nikaunganisha ya Chanika, nikamtafuta yule Mangi wa sabuni. Duka lake ni chumba kimoja chenye nondo mbele, mtoto yuko dirishani anasema Mangi nipe sukari robo na kiberiti. Alinikumbuka. Akanipa ndoo ya rangi iliyopinduliwa nikakalia.

Nilimuuliza mfumo umemsaidia nini. Akatoa kile kiswaswadu, akanipa. Sanduku la meseji lilikuwa limejaa mpaka juu, na karibu zote ni za madeni: umechukua, umelipa, umechukua, umelipa, kuanzia mwaka juzi. Alisema mwezi wa tatu alikwenda duka la mafuta ya kula mtaa wa Livingstone ambako hawamjui. Wakamkatalia mali kauli. Akawapa simu wasome. Mwenye duka alizipitia moja moja, dakika kama kumi, kisha akamwambia achukue ndoo tano za kuanzia.

Nilikaa kimya kwanza. Tulibishana miezi yote ile nani auziwe kumbukumbu za huyu mtu, na yeye alishazitumia mwenyewe, kwa mkono wake, kwa aliyemtaka, bure. Kitu ambacho kampuni inapaswa kutengeneza sasa ni hicho: taarifa fupi ya malipo ya Mangi, anayeiomba ni Mangi, inamfikia Mangi, anaionyesha anapotaka. Kuiomba kungeweza kuwa shilingi mia tano. Nimeshawaandikia vijana, na nimesema nikiliona hilo kwenye simu nitaongeza milioni 10.

Tulipokuwa tunaongea kiswaswadu kikalia. Kioo kikaandika kwamba nafasi ya meseji imejaa, na bahasha ndogo ikawa inawaka na kuzima juu. Mangi akajua ni mzee, maana asubuhi alikuwa amempa bodaboda namba ya duka akamchukulie katoni nne za chumvi. Akaanza kushuka kwenye orodha kutafuta ya kufuta. Akapita za madeni zote bila kusimama. Akafika kwenye tangazo la bando, akalifuta. Bahasha ikatulia, meseji ikaingia. Akaisoma mpaka mwisho, midomo ikitembea, akahesabu kwa vidole, akabip.